Shajara ya mradi: amplifaya ya 280 W isiyofika kilo 12, kwa gita na stili

Lengo

Fender Twin Reverb hutoa 85 W na uzito wake unakaribia kilo 29. Peavey Nashville 400, ambayo wengi wa wapiga stili, yaani gita la kulazwa lenye pedali na levari za magoti, wameitegemea, hutoa 210 W kupitia spika moja ya inchi 15, na anayeipandisha ngazi peke yake anajua habari yake. Uzito huo umejificha sehemu tatu: chuma cha transfoma, sumaku ya spika na mbao za boksi. Mradi huu unazigusa zote tatu. Mipaka ni hii: uzito wote usifike kilo 12, wati safi zisipungue 250, feni isiwepo, na boksi lilelile lihudumie gita la kawaida na stili ya pedali.

Wati nyingi hivyo si za kelele. Mpiga stili huanza noti pedali ya volyumu ikiwa nusu, kisha huisukuma taratibu kadiri noti inavyofifia, ili sauti ibaki palepale. Nafasi anayojiwekea ni kama dB 10 hadi 15, na dB 10 ni mara kumi ya wati. Mguu ukiwa umekanyaga hadi mwisho na kidole gumba kikapiga kamba nene, kilele kinachoruka hapo ndicho kinachoivunja amplifaya ndogo. Mpiga gita anaweza kuupenda mpasuko huo. Kwa stili, noti tatu zinazopigwa pamoja zikipasuka hugeuka uji.

Hesabu ya wati kabla ya kununua kitu

Moduli za klasi D (vikuza sauti vinavyowasha na kukata umeme kwa kasi sana, hivyo havipati joto jingi) huuzwa kwa namba kubwa, kwa hiyo hesabu ilitangulia. Chipu iliyochaguliwa ni TPA3255 ya Texas Instruments. Inatangazwa kuwa ya 600 W, lakini hiyo ni kwa mzigo wa 2 Ω, na sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10. Kinachoamua wati ni volti na omu. Laini ya umeme ikiwa 50 V, daraja kamili (nyaya zote mbili za spika zikisukumwa, moja kinyume cha nyingine) huisukuma spika hadi kilele cha karibu 47 V, yaani 33.5 V rms, thamani ya kuhesabia wati. Zidisha 33.5 kwa yenyewe, ugawe kwa omu za spika: kwa 8 Ω unapata 140 W, kwa 4 Ω unapata 280 W. Basi. Anayefunga spika ya 8 Ω kwenye moduli hii na kungoja wati 600 atangoja sana.

Kuunganisha pande mbili za chipu sambamba, mtindo unaoitwa PBTL, hakuongezi volti hata moja. Kunaongeza uwezo wa kubeba ampea, na kwa kuwa kila upande unabeba nusu ya mkondo, joto linashuka. Tumeutumia mtindo huo kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu unaruhusu kuongeza spika ya pili bila chipu kujizima.

Uamuzi uliofuata ukawa spika ya 4 Ω. Spika nyingi za gita hutoka kiwandani zikiwa 8 au 16 Ω, hivyo 4 Ω lazima itajwe kwenye oda. Kingine cha kutazama kwenye karatasi ya spika ni usikivu wake. Spika ya 97 dB badala ya 100 dB inadai wati mara mbili ili ifikie sauti ileile, kwa hiyo spika nyepesi yenye usikivu mdogo inakunyang'anya upande huu ulichookoa upande ule.

Pawa saplai, sehemu iliyokula muda

Kwa mkondo wa kawaida hesabu ni rahisi. 280 W zikitoka kwa ufanisi wa asilimia 90, saplai inatoa kama 311 W, yaani 6.2 A kwa 50 V. Saplai ya 600 W iliwekwa pembeni mapema: karibu zote za aina hiyo zina feni, na feni husikika kwenye maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Iliyochukuliwa ni ya 48 V, 350 W, isiyo na feni, uzito chini ya kilo moja. Skrubu yake ya marekebisho inafika 50 V bila shida. TPA3255 isipewe zaidi ya 53.5 V, na ni vizuri kuacha nafasi kidogo.

Kwenye meza, kwa sauti ya 1 kHz, kila kitu kilikwenda sawa. Tatizo lilijitokeza kwa noti ya chini kabisa ya mpangilio wa C6 (mojawapo ya namna za kutuni kamba za stili), C ya 65 Hz, ikishikiliwa kwa nguvu zote. Sauti ilikatika, ikanyamaza kama sekunde moja, ikarudi. Chipu haikuwa na kosa lolote. Taa ya FAULT haikuwaka. Ni saplai iliyokuwa ikijizima.

Sababu yake ni hii. Wastani wa mkondo ni 6.2 A, lakini mkondo haukai kwenye wastani. Kwa noti ya 65 Hz spika huvuta nguvu mara 130 kwa sekunde, na kila mvuto hupanda kutoka sifuri hadi 12.4 A. Kwa 1 kHz mivuto hiyo iko karibukaribu kiasi kwamba kapasita ndogo za kwenye moduli (µF 1000 tu) zinaisawazisha. Kwa 65 Hz hazitoshi, saplai inaona 12 A, inadhani kuna shoti, inajizima na kujaribu tena.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza benki ya kapasita: nne za µF 2200, 63 V, jumla µF 8800. Matokeo yake, saplai ikakataa kuwaka. Tik, tik, tik, kila nusu sekunde, maana kapasita tupu huonekana kama shoti vilevile. Rezista ya 10 Ω, 10 W, iliyowekwa njiani na kuzungukwa na relei baada ya nusu sekunde, ilimaliza tatizo la kuwaka: mkondo wa kujaza hauzidi 5 A, na kwa muda huo kapasita zinakuwa zimeshajaa. Lakini C ya chini iliendelea kukatika, ila mara chache zaidi. Saplai inayodhibiti volti yake vizuri haiachi kapasita zifanye kazi. Inakimbilia kuziba pengo yenyewe mpaka inagonga ukomo wake.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo matangazo ya saplai hayalisemi kwa sauti: namna inavyojilinda mzigo ukizidi. Aina moja hujizima na kujaribu tena. Aina nyingine hushikilia mkondo kwenye ukomo wake na kuacha volti ishuke. Kwenye karatasi ya data tafuta mstari wa ulinzi wa mzigo uliozidi. Ukisema mkondo hubaki thabiti, hiyo ndiyo yenyewe. Tulibadilisha saplai tukaweka ya aina ya pili, wati zilezile 350, ukomo 9 A. Sasa ziada ya juu ya 9 A hudumu kama milisekunde 2.7 kwa kila mvuto, na benki ya µF 8800 inaibeba kwa kushuka chini ya volti moja. Bila benki hiyo, kwa µF 1000 peke yake, kushuka kungekuwa karibu 6 V, na hicho ni kilele kilichokatwa.

Relei na rezista viliondolewa. Saplai hii hujaza kapasita kwa utulivu yenyewe, chini ya milisekunde 60. Kilichobaki ni mguu wa RESET wa chipu: kilinganishi kidogo kinaushikilia chini mpaka laini ipite 42 V, na kinaurudisha chini mara laini inaposhuka chini ya hapo. Kazi moja, faida mbili: hakuna kishindo wakati wa kuwasha wala wakati wa kuzima.

Kwa anayefungua saplai ya aina hii: kapasita za upande wa umeme wa ukutani hubaki na zaidi ya 300 V baada ya plagi kuchomolewa. Pima kabla ya kugusa. Chasi inafungwa waya wa ethi kwa boliti yake yenyewe, isiyoshikilia kitu kingine. Fyuzi ni ya kuchelewa, 3.15 A kwa umeme wa 230 V na 6.3 A kwa 120 V.

Jeki ya spika

Kifupi, lakini kimeshaua moduli nyingi. Kwenye daraja kamili nyaya zote mbili za spika ziko hai, kila moja ikielea kwenye nusu ya laini, hapa 25 V. Jeki ya kawaida ya chuma ikifungwa kwenye chasi ya alumini, mguu mmoja wa spika unakwenda shoti kwa ethi mara unapowasha. Tumia soketi ya plastiki. Hapa imewekwa Speakon. Na kwa osiloskopu, usibane klipu ya ethi kwenye waya wowote wa spika. Tumia chaneli mbili, moja kwa kila waya, klipu zote kwenye chasi, kisha skopu itoe tofauti yake.

Priampu

Priampu, hatua ya kwanza inayokuza sauti ya gita, inaendeshwa kwa ±15 V kutoka kigeuzi kidogo cha DC kilichounganishwa kwenye laini ya 50 V. Mlango wa kuingilia ni 1 MΩ. Pikapu za stili husukwa nyuzi nyingi, kΩ 17 hadi 20 ni kawaida, na mlango wenye omu chache unazifyonza trebo kabla hazijafika popote. Ndiyo maana NE5532, japo ni chipu nzuri ya kimya, haifai hapa: mkondo wake wa kuingilia, kama nA 200, ukipita kwenye 1 MΩ unazaa 0.2 V za DC, ambazo hupaa pamoja na sauti. OPA2134 haina tatizo hilo na kelele yake ni chini ya nusu ya TL072.

Vitasa vya sauti vimefuata mpangilio wa Fender wa miaka ya 1960, ambao masikio ya wapigaji wengi wameuzoea, ila omu zake zimegawanywa kwa kumi na kapasita zimezidishwa karibu mara kumi. Zile za asili (poti za 250 kΩ, rezista ya 100 kΩ, kapasita za pF 250, µF 0.1 na µF 0.047) ziliwekwa ili taa za vakyumu ziweze kuzisukuma. Opampu (chipu ya kukuza, kama OPA2134) haina udhaifu huo. Kwa poti za 25 kΩ kwa trebo na besi, 1 kΩ kwa kati, rezista ya 10 kΩ na kapasita za nF 2.2, µF 1 na µF 0.47, mkunjo wa sauti ni uleule kwa sikio, lakini kelele ya rezista hiyo ya 10 kΩ ni dB 10 chini ya ile ya 100 kΩ. Saketi hii hupoteza sauti nyingi ambazo lazima zirudishwe kwa kukuzwa tena, kwa hiyo dB 10 za kelele pale si kitu cha kupuuza.

Baada yake kuna kichujio cha kuzuia mitikisiko iliyo chini ya 41 Hz: kapasita mbili za nF 100, rezista za 27 kΩ na 56 kΩ. Kamba ya chini kabisa, bila kukanyaga pedali, ni 65 Hz, hivyo hakuna muziki unaopotea. Kinachozuiwa ni vishindo vya pedali na magoti, ambavyo vingesukuma koni nje bila kusikika na kula nusu ya wati.

TPA3255 hukuza kwa dB 21.5, kama mara 12. Ili ifike kilele inahitaji 2.8 V rms kutoka priampu, na ±15 V inaacha nafasi ya kutosha juu yake.

Kelele na mluzi

Jaribio la kwanza la kila kitu ndani ya chasi moja lilileta mambo mawili tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha kabla ya kuanza kuhamisha nyaya.

La kwanza ni mvumo mkali uliobadilika gita lilipogeuzwa. Hiyo ni pikapu inanusa sumaku ya saplai. Nyaya za ndani hazina hatia. Saplai ilihamishiwa mwisho wa chasi ulio mbali na jeki ya gita, na kipande cha bati la chuma kikawekwa katikati. Alumini haizuii sumaku ya masafa ya chini. Chuma huizuia, na kipande cha gramu 80 kilitosha.

La pili ni mluzi mwembamba uliopanda na kushuka wenyewe amplifaya ilipokuwa ikipata joto. Huo ni mgongano wa masafa mawili. Moduli ilikuja ikiwa imewekwa 600 kHz, na kigeuzi cha ±15 V hukata umeme kwa masafa yake mengine. Masafa ya moja yakikaribia mara mbili au mara tatu ya nyingine, tofauti yake huangukia ndani ya usikivu wa binadamu. Koili ya µH 100 na kapasita ya µF 470 kwenye kila tawi la ±15 V iliushusha sana. Kubadilisha rezista ya FREQ_ADJ ili chipu ikate kwa 500 kHz kuliumaliza.

Kuhusu ethi: hasi ya laini ya 50 V imeunganishwa na chasi sehemu moja tu, kwenye ubao wa moduli. Isipounganishwa kabisa, kapasita ndogo za ndani ya saplai huifanya ielee, na mpigaji husikia mwasho vidoleni akigusa nyuzi. Jeki ya gita imetengwa na chasi kwa washa za plastiki, na kapasita ya seramiki ya nF 10 kutoka mguu wake wa ethi hadi chasi, miguu yake ikiwa mifupi kabisa, ili mawimbi ya redio yaishie mlangoni.

Mwangwi unatoka kwenye chipu ya FV-1. Tangi la springi lilijaribiwa na sauti yake ni tamu zaidi, wala hakuna haja ya kubishana, lakini lina urefu wa zaidi ya sentimita 40, na ndani ya boksi dogo koili yake ya kupokea haina mahali ambapo haitanusa ama saplai ama spika.

Spika na boksi

Spika ni ya inchi 12, sumaku ya neodimi, 4 Ω, 300 W, kilo 2.9. Ya feraiti ya kiwango hicho ingezidi hapo kwa kilo kadhaa. Neodimi ina tabia moja ya kuheshimu: sumaku yake ni ndogo, haimezi joto kama feraiti, na madaraja ya kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye 80 °C. Usiizibe kwenye boksi dogo lisilopumua. Hata kabla ya hapo, waya wa koili ukipata moto omu zake hupanda kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto. Nyuzi 100 za ziada humaanisha spika ya 4 Ω inajifanya ya karibu 5.5 Ω na wati zinashuka zenyewe, katikati ya onyesho.

Boksi lina upana wa sm 45, kimo sm 42 na kina sm 28, jumla ya mbao kama mita za mraba 0.78. Kwa plaiwudi ya betula (birch) ya Baltiki ya mm 18, hizo ni kilo 9.5. Kwa plaiwudi ya popla ya mm 12 ni kilo 4 na kidogo. Tumechukua popla, na ubao wa mbele unaoshika spika ukawa mm 15.

Mbao nyembamba hutetemeka. Ili kujua wapi, zungusha sauti ya 60 hadi 400 Hz kwa 20 W, ukitembeza kiganja juu ya kila upande. Upande wa juu ulilia kwenye sehemu moja tu, lakini kwa nguvu. Fito mbili za msonobari, mm 20 kwa 40, zimesimamishwa kwa ukingo wake mwembamba na kugundishwa kimshazari ndani, na kilio kikaisha kwa nyongeza ya gramu zisizofika 400. Kuzigundisha kwa ubapa hakusaidii sana. Ugumu unatoka kwenye kimo cha ufito.

Mgongo umegawanywa vipande viwili. Cha juu kimefungwa daima. Cha chini hutolewa kwa skrubu nne: wazi kwa gita, ili sauti ienee nyuma, kimefungwa kwa C6, ambayo bila hicho hupoteza sana kamba za chini. Kipande hicho kina matundu mawili ya kupumua.

Mpini uko sentimita 3 mbele ya katikati. Uzito wote uko upande wa spika, na mpini wa katikati hufanya boksi lining'inie puani na kugonga goti.

Gita na stili kwenye swichi moja

Klasi D huishika spika kwa mkono wa chuma. Amplifaya ya taa za vakyumu huilegezea, na hapo spika hupandisha yenyewe sehemu ya chini na trebo ya juu. Stili haihitaji hilo. Inataka mstari ulionyooka. Gita bila hilo husikika kavu. Swichi ya nyuma inaongeza dB 4 kwenye 95 Hz na mteremko mwororo wa trebo kuanzia 2 kHz. Upande wa stili, swichi hiyohiyo inaondoa hayo na kuweka kitasa cha kupunguza 800 Hz, masafa ambayo wapiga stili wengi huyachimba ili sauti isiwe ya puani.

Hali ilivyo sasa

Mizani inasema kilo 10.8, kitambaa cha mbele na miguu ya mpira vikiwemo. Miguu hiyo si urembo: boksi jepesi kwa 280 W hutembea sakafuni.

Kazi iliyo mezani ni limita, saketi inayopunguza sauti kilele kinapoanza kukatwa. Mguu wa CLIP_OTW wa chipu hushuka kila kilele kinapokatwa, au chipu inapopata moto kupita kiasi, na unaendesha taa ndogo iliyofungwa pamoja na rezista inayobadilika kwa mwanga, kabla ya moduli. Wazo ni la zamani. Peavey waliliita DDT. Kwa sasa linashika upesi mno na kuachia upesi mno, hivyo noti ndefu ya stili inapumua juu chini. Kapasita ya kuachia imepandishwa kutoka µF 1 hadi µF 4.7, na µF 10 ndiyo itakayofuata. Mpaka hiyo ikae sawa, boksi la pili la 8 Ω haliunganishwi: pamoja na la kwanza linafanya 2.67 Ω, hapo chipu inaweza lakini saplai ya 350 W haiwezi kushikilia C ya chini, na limita ndiyo pekee inayoweza kusimama kati yao.